Mashine Inayonakili Makosa

Jumatatu, 4 Machi

Balaa! Diski ya gemu la treni imekwaruzika. Leo gemu limegoma mara nne kabla ya kufunguka, na mama mkwe anaingia Jumamosi. Wiki tatu nzima!

Niandike wazi, maana hapa hanisomi mtu. Kinachonipatanisha na mama mkwe ni diski hiyo tu. Alipotutembelea mara ya kwanza, mwalimu mkuu mstaafu huyu alipitisha kidole juu ya kabati langu, akakitazama, kisha akanitazama mimi. Siku ya tatu nikamkalisha mbele ya kompyuta, nikamfungulia gemu la kuendesha treni. Basi! Tangu hapo mimi ni mkwe wa kupigiwa mfano. Amebakiza vituo viwili amalize reli yote.

Gemu halifunguki bila diski yenyewe kuwa ndani, na madukani haliuzwi tena. Dawa ni kutoa nakala, ile halisi niifungie kabatini. Tumeinunua wenyewe, simwibii mtu. Nimejaribu kwa kompyuta ya kazini wakati wa chakula cha mchana. Nakala imetoka safi. Kuitia tu, gemu likaandika: ingiza diski halisi. Yaani limeniita mwongo!

Jumanne, 5 Machi

Mke wangu kanizunguka, kamwita kaka yake. Huyo ukoo mzima unamwita Injinia tangu alipotengeneza kengele ya mlango akiwa darasa la sita. Kaja na begi la nyaya, kajitanua kwenye kiti changu.

Kasema watengenezaji wa gemu hutia makosa kwenye diski kwa makusudi. Gemu likifunguliwa huyatafuta makosa hayo. Lisipoyaona, linajua hii ni nakala. Mashine nyingi za kuchomea nakala za diski huyasahihisha njiani, ndiyo maana nakala zinakataliwa. Kwa hiyo, kasema, shemeji kanunue ile mashine ndogo ya kijivu, inayonakili makosa kama yalivyo, na uchome polepole.

Nilisimama. Mimi ni msahihishaji kwenye kiwanda cha uchapaji, mwaka wa kumi na tisa huu. Kalamu yangu nyekundu imeokoa vitabu vya shule, kalenda, hata kadi za harusi zilizokuwa na jina la bwana harusi mwingine. Leo nikanunue mashine ya kuacha makosa? Nimemwambia labda nyumbani kwake, si kwangu. Kacheka mpaka kikombe kikamtikisika mkononi. Mke wangu naye kacheka. Nimewanunia wote wawili.

Jumatano, 6 Machi

Nimeenda dukani. Ya kijivu ipo, rafu ya chini, haina hata taa. Juu yake ipo nyeusi, inang'aa, taa ya buluu, na kwenye boksi herufi kubwa: hurekebisha kila kosa! Nikaikumbatia hapo hapo. Muuzaji kasema kwa nakala za gemu watu huchukua ya kijivu. Nimemjibu mimi si watu. Kaniuliza mara mbili kama nina hakika. Wauza maduka siku hizi wana maneno!

Alhamisi, 7 Machi

Nimeomba ruhusa kazini. Tumbo, nimewaambia. Nimechoma diski tano. Zote zimekataliwa. Mashine haikubakisha kosa hata la dawa. Kwa kweli nimeiheshimu. Ingekuwa mtu, ningemtafutia kazi pale kwetu.

Injinia kapiga simu kuuliza hali. Ulimi ukateleza: nimemwambia nakala imekubali, tena mara ya kwanza. Halafu kasema kesho anakuja kuona kwa macho yake.

Sawa. Aje! Nani anamwogopa?

Ijumaa, 8 Machi

Nina mpango. Diski halisi nimeibandika karatasi nyeupe ya duara juu ya picha yake ya treni, nikaandika kwa mkono: NAKALA. Kisha moja ya zile mbovu nimeibandika picha ya treni niliyoichapa kazini kwa rangi. Hata mimi ningedanganyika.

Kaja saa kumi na moja jioni. Nikatia hiyo inayoitwa nakala. Ikakoroma, nikakohoa kwa nguvu kufunika mlio wake. Treni hiyoo! Injinia kapigwa na butwaa. Kanipa mkono, kasema amekosea, shemeji ni kiboko. Maneno hayo nimeyangoja tangu nioe.

Kisha akasema kwa kuwa hii ni nakala tu, anaondoka nayo akaichunguze ofisini. Mimi nitachoma nyingine kwa dakika kumi. Mke wangu kasema si umpe tu, kwani inakuuma nini. Inaniuma maini! Lakini ningesema nini, na mkono wangu bado una joto la pongezi? Nimemtilia kwenye bahasha mwenyewe, huku natabasamu.

Jumamosi, 9 Machi

Mama kafika. Hakutaka hata chai. Kavaa miwani, kavuta kiti. Nikatia ile yenye picha. Ingiza diski halisi. Nikaitoa, nikaifuta kwa shati, nikairudisha. Ingiza diski halisi.

Nilijua atanigombeza. Hakunigombeza. Kasema taratibu kwamba tangu baba mkwe afariki hakuna mtu anayemngoja mahali popote kwa saa maalumu, ila wale abiria wa kwenye treni, ingawa anajua si watu wa kweli. Nimejisikia vibaya. Vibaya sana. Nusura niseme ukweli.

Mlango ukagongwa. Injinia! Jana usiku ofisini alitoa nakala kwa mashine ya kijivu, ikakubali. Halafu akabandua karatasi yangu aone ni diski ya aina gani, ikang'oka pamoja na picha ya treni na utando wote wa kung'aa. Diski halisi ndiyo imekufa hivyo. Kaiweka mezani mbele ya Mama. Wote watatu wakanigeukia.

Injinia akatia nakala yake. Treni ikafunguka pale pale. Mama akapiga makofi kama msichana. Kilichobaki kwangu kilikuwa kusema asante, basi, yaishe.

Nikasema kwenye kompyuta yangu haiingii diski yenye makosa. Nikamtaka aniachie kwanza niisahihishe.

Jumapili, 10 Machi

Nyumba kimya. Jana Mama aliitoa diski mwenyewe, akaifunga kwenye leso, akamwambia mwanawe Injinia ambebee sanduku waende kwake. Mke wangu alitoka kuwasindikiza. Mpaka sasa bado anasindikiza.

Asubuhi kapiga simu. Mama kafika kituo cha mwisho cha gemu, wamemshangilia hadi majirani wakachungulia. Kasema mlango uko wazi, niende tu nikamwombe Mama radhi, hakuna mwenye kinyongo. Nimemjibu nina kazi.

Na kweli ninayo. Nawaandikia barua watengenezaji wa gemu. Nimewaarifu, kwa heshima zote, kwamba diski yao imetoka kiwandani na makosa mengi ya aibu, na kwamba mimi na mashine yangu tumekwisha kuyaondoa yote. Hawana haja ya kunishukuru. Nimeambatisha nakala zote tano, wazifungue waone kazi safi ilivyo.