Simiti ya Mdomo wa Obiero

Redio ya Selpha, mama chai, ndiyo iliyoanza. Mtangazaji alisema siku hizi jino la bandia linafungwa kwa skrubu kwenye taya, halafu kichwa chake kinabandikwa kwa simiti ya muda, ili daktari aweze kukitoa baadaye. Benchi zima pale Kibuye likamgeukia Obiero, fundi wa nyumba aitwaye Slab. Alikuwa amewekewa jino la namna hiyo Jumatatu, mbele kabisa, mahali pa kutabasamia.

Mashavu yake yalikuwa yamevimba.

"Siku ya nne leo haongei," akasema Oyugi, aitwaye Hansard kwa kuwa hakuna neno linalompita. "Omera, ndugu yangu, uko na shida gani?"

Obiero akatoa penseli sikioni, akaandika pembeni mwa gazeti: NANYWESHA SIMITI. SIKU SABA.

Kicheko kikafika hadi kwa wauza mitumba. Obiero kilimuuma. Miaka thelathini ya ujenzi hajawahi kumwaga zege asilinyweshe maji siku saba ili likomae, sembuse hii simiti ambayo daktari mwenyewe alimwambia ni ya muda! Na Jumamosi ndiye msemaji wa ukoo huko Ahero, kumposea Opiyo, mtoto wa ndugu yake. Jino likimdondoka mbele ya wakwe, uso atauweka wapi?

"Lakini simiti ya muda ni ya nini?" Oyugi akauliza.

"Hiyo ni tenda," akasema Shitanda, mtengeneza simu anayejiita Wakili. "Kwani barabara yetu inawekwa lami gani? Si ile ya kuoshwa na mvua, ndio kontrakta arudi? Daktari pia ana watoto wa shule."

"Na Jumamosi nani ataongea?" Oyugi akauliza.

"Siku saba inaisha Jumapili. Mimi nitaongea. Suti niko nayo."

Obiero akatikisa kichwa mpaka maji yakamtoka puani.

"Wewe Wakili ukitengewa kuku umekwisha," Oyugi akasema. "Wakwe watataja ng'ombe, utaitikia tu na paja mkononi."

Selpha akachoka nao. Akachomoa kadi ya daktari kwenye mfuko wa shati la Obiero, akapiga simu, akaweka spika.

"Daktari Jayshree, Mzee Obiero ameshika maji mdomoni tangu Jumatatu. Anasema anakomaza simiti."

Kitu cha chuma kikaanguka upande ule wa pili.

"Mama, hiyo simiti ilishika akiwa bado kwa kiti yangu," daktari akasema, akijikaza asicheke. "Haitaki maji. Skrubu ndiyo ya kudumu. Simiti niliweka laini makusudi, skrubu ikilegea nitoe jino mzima, nikaze, nirudishe. Ningeweka ile ngumu, siku hiyo ningelikata vipande. Mwambie aongee, ale. Asitafune tu mifupa nayo."

Obiero akameza maji yote funda moja. Raha aliyoisikia haikuwa na kifani.

"Sasa nyinyi," akasema, akivuta benchi karibu. "Siku nne mmenisema. Nitaanza na Shitanda na suti yake. Halafu mambo ya lami. Halafu niwaambie vile nilijenga ghorofa ya Milimani mwaka ule wa..."

Shitanda akakumbuka kuna mteja anamngoja. Oyugi alikuwa ameshakunja gazeti. Selpha, ambaye hakuwa na pa kukimbilia, akainyakua simu.

"Daktari, usikate. Hiyo simiti laini yako inaweza kushika midomo? Tunataka ya kufunguka Jumamosi asubuhi."