Injini Mbili Kabla ya Jumapili

Alhamisi, 9 Oktoba

Katibu wa chama cha waundaji wa ndege ndogo amenithibitishia kwa simu: kiti cha tisa kiko wazi, na atakayekikalia atajulikana Jumapili saa nne asubuhi. Waombaji ni wawili tu. Mimi, na dada mmoja msusi.

Msusi! Nilijikuta nikiutabasamia ukuta.

Niandike sawasawa, maana siku moja haya yatasomwa. Chama kina karakana ghorofa ya pili, juu ya duka la vitambaa. Meza tisa. Kila meza ina taa yake, droo yenye ufunguo, na dirisha linalotazama njia ambayo ndege za kweli hupita zikienda kutua. Wanachama hawazidi tisa kwa sababu meza hazizidi tisa. Mmoja amehama mji. Sharti la kuingia ni moja: uje na ndege uliyoiunda kwa mikono yako, imekamilika, na isimame juu ya kioo kwa magurudumu yake yote bila kuegemezwa. Nimeshindwa mara mbili. Mara ya kwanza rangi haikuwa imekauka, Katibu akaondoka na bawa limemganda kwenye shati. Mara ya pili nilichelewa. Anayeshindwa mara tatu haruhusiwi kuomba tena mpaka ipite miaka mitatu.

Miaka mitatu! Nitakuwa mzee.

Kwa sasa karakana yangu ni meza ya kulia ya Shangazi. Ni miezi mitano sasa tunakula tumepakata sahani. Ametangaza kwamba Jumapili jioni meza inarudi kwenye kazi yake, nipate kiti nisipate. Nikikosa, vitu vyangu vitaingia kwenye boksi, na boksi litaingia stoo, kwa panya.

Hali ilivyo: vipande 186 vya ndege ya mizigo yenye injini mbili. Siku tatu. Vipande sitini na viwili kwa siku. Mtu asiyesoma hisabati angeogopa. Mimi nina shahada.

Shangazi alipita na ufagio, akauliza kama bado nahangaika na hayo madude. Nikamwambia si madude. Akasema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Nikamjibu kwamba ndege zote hukimbia sakafuni, na zikifika ukingoni ndipo hupaa.

Akaendelea kufagia. Ushindi wa kwanza.

Ijumaa, 10 Oktoba

Vipande 104 kabla ya chakula cha mchana! Nimeunganisha nusu mbili za kiwiliwili. Gundi imeshika kama ndoa ya zamani. Niliiruka hatua ya tatu kwenye maelekezo: mchoro wa kitu kama punje ya mahindi kimewekwa ndani ya pua ya ndege. Mapambo. Ndani ya pua nani ataona?

Kwa kuwa niko mbele ya muda, nikaona niende kumpeleleza mpinzani. Saluni yake iko karibu na benki. Nilijifanya nataka kujua wanafungua saa ngapi. Saa zimeandikwa mlangoni kwa herufi kubwa kama ngumi, lakini nilishaingia.

Yeye hakuficha kitu. Alinikaribisha, dada msomi, karibu, huku mkono mmoja uko kichwani kwa mteja. Ndege yake ilikuwa pembeni, inakaushwa rangi chini ya ile kofia kubwa ya kukaushia nywele. Mabawa ameyabana kwa vibanio vya nywele. Mistari midogo kwenye mkia ameichora kwa brashi ya nyusi. Nilitafuta kosa kwa dakika kumi. Nikapata vumbi moja. Nilipolipuliza lilikuwa ni taa ya bawa, ya ukubwa wa mbegu ya mchicha. Akatambaa sakafuni akaiokota, akacheka, akaniambia nisijali, zimewahi kumdondoka nyingi.

Ana roho nzuri. Hilo ni pengo katika ulinzi wake.

Kisha akasema mwenyewe, bila kubanwa: amebakiza magurudumu na rangi ya mwisho. Akipata Jumamosi yenye wateja wachache, atamaliza. Wakijaa, basi tena, maana hawezi kumwacha mtu na nusu kichwa.

Nilitembea kurudi nyumbani nikiwa nimechangamka kiasi cha kumsalimia mlinzi wa benki mara mbili.

Mpango! Shangazi anapigwa picha ya kitambulisho kipya cha kazini Jumatatu. Nilimwambia, kwa upole, kwamba mtu wa cheo chake hawezi kukaa na kichwa kile kwenye picha ya miaka mitano. Nikamshauri asuke zile nywele nyembamba kama uzi, ndefu hadi kiunoni. Kazi ya saa tisa kwa mikono miwili. Nikamtaja fundi. Shangazi akajishika kichwa, akasema kumbe siku hizi unanitazama, mwanangu. Macho yakamlengalenga.

Nilihisi kitu kidogo kifuani. Nadhani ni harufu ya gundi.

Jumamosi, 11 Oktoba

Saa moja asubuhi. Shangazi ameondoka na mto wa kukalia. Nyumba yote ni yangu. Mpinzani amefungwa mikono mpaka jioni. Nimejiona kwenye kioo na kujisifu kidogo.

Saa tatu. Nimepuliza rangi bafuni. Kijivu safi kabisa. Pazia la bafu nalo ni kijivu safi kabisa. Mvua inanyesha, rangi haikauki. Nikakumbuka ile kofia ya saluni. Kanuni yake ni joto tu. Mimi nina oveni.

Saa tatu na nusu. Bawa la kushoto limelala kama sikio la mbuzi. Nimelinyoosha kwa maji ya moto na kamusi mbili. Limenyooka, ila kwenye ncha limebaki na mashaka. Si neno. Ndege ya kweli nayo hukunja ncha za mabawa ikiwa na mzigo, na hii ni ya mizigo.

Saa sita. Magurudumu! Yote matatu, moja mbele na mawili nyuma. Nikaiweka mezani, nikarudi nyuma kuitazama.

Ikakaa kitako.

Mkia chini, pua juu, gurudumu la mbele linaning'inia hewani. Kama mbwa anayeomba mfupa. Nikaisukuma pua chini, ikanitii. Nikaiachia, ikakaa tena.

Ndipo nikaielewa hatua ya tatu. Ile punje ni uzito. Ndege ya namna hii, mkia wake ni mrefu kuliko shingo, lazima puani kuwe na kitu kizito ndipo isimame. Kinawekwa kabla ya kufunga kiwiliwili. Nilikifunga jana, tena kwa sifa.

Mtu wa kawaida angelia. Mimi nililia kidogo tu, nikavuka barabara kwenda kwa fundi baiskeli, nikamwomba gololi, zile za chuma zinazokaa ndani ya kitovu cha gurudumu. Akauliza ni za gurudumu la ukubwa gani. Nikamwonyesha kwa kucha. Alinitazama muda mrefu. Akanipa gololi saba na pole.

Saa kumi jioni. Nimetoboa tundu nyuma ya gurudumu la mbele, nikaingiza gololi zote saba na gundi nzito, nikaziba tundu, nikapaka rangi. INASIMAMA. Nimezunguka meza mara nne na bado imesimama. Pakiti inasema gundi hii hukauka kabisa baada ya saa ishirini na nne. Kuanzia sasa hadi saa nne kesho ni saa kumi na nane. Robo tatu. Robo tatu ya gundi nayo ni gundi.

Saa moja jioni. Shangazi amerudi. Msuko ni mzuri, sitakataa. Unamshuka mgongoni kama maji. Nikamuuliza, kwa sauti ya mtu asiyejali, kama yule dada hakuchoka saa tisa zote hizo.

Akasema saa tisa zipi! Eti alipoona ile ndege chini ya kofia na kusikia kesho ni mtihani, alimwambia fundi aachie wasaidizi wake wawili kichwa, yeye akamalize kazi yake. Halafu akachukua mto wake, akakaa mlangoni, huku anasukwa. Kila mteja aliyefika alirudishwa. Aje Jumatatu, mwenye saluni ana mtihani. Mmoja alibisha kwamba ana harusi. Shangazi akamwambia bwana harusi ameshamwona na zile alizonazo, na bado amekubali.

Saluni ilikuwa kimya siku nzima. Msusi alimaliza saa nane, akapumzika, akala.

Mimi mwenyewe ndiye niliyempelekea askari wa lango! Nimejikaanga kwa mafuta yangu. Shangazi akaongeza kwamba yule binti ana mikono ya dhahabu, na kesho yeye Shangazi atakuja kututazama sote wawili. Aliposema sote wawili alinitazama mimi, kisha akaitazama ncha ya bawa langu la kushoto, akaenda jikoni.

Hata hivyo. Ndege yake moja, yangu moja. Yake ina injini moja, yangu mbili. Nalala kwa amani.

Jumapili, 12 Oktoba

Naandika kwenye meza safi. Tupu kabisa. Kumbe ni ya mbao nyekundu.

Nianze mwanzo. Tulifika saa nne kasoro dakika mbili. Sikuchelewa! Niliwakumbusha wote jambo hilo. Katibu zamani alikuwa akitengeneza meno ya bandia, na wenzake humwita Milimita. Aliweka kioo mezani, akakifuta, akavaa miwani ya pili juu ya ile ya kwanza.

Ya msusi kwanza. Ikasimama. Milimita akainama, akaitazama mbele, ubavuni, chini. Akavua miwani zote mbili. Akasema, kama anajisemea mwenyewe, kwamba hata mlango wa rubani una bawaba. Shangazi akapiga makofi. Kabla ya leo sikuwahi kumwona akipigia makofi kitu kisicho na mchuzi.

Kisha yangu. Niliishusha juu ya kioo kwa vidole viwili. Ikasimama! Magurudumu yote matatu. Nilihesabu pumzi kumi na moja. Milimita akatikisa kichwa taratibu, akasema mistari ya misumari kwenye kiwiliwili, vile vitone vinavyoonyesha bati zilipoungwa, imechongwa kwa subira ambayo hakuitarajia kwangu. Aliyasema hayo. Wapo mashahidi.

Halafu akaiinua atazame tumbo, pua juu.

Nikasikia ta. Kimya. Kisha ta-ta. Kisha gololi zote zilizobaki, zikiteremka kuelekea mkiani kama watu waliosikia kikao kimekwisha na chakula kiko tayari. Akairudisha kwenye kioo. Ikakaa kitako. Akaiinua tena, akaitikisa karibu na sikio. Ikalia kama kayamba. Mwanachama mmoja nyuma akauliza kama humo ndani kuna abiria. Nikaeleza kwamba nimeionyesha katika sekunde ile ya kupaa. Milimita akasema, kwa adabu, kwamba sekunde hiyo ni nzuri sana, lakini sharti ni kusimama.

Shangazi alicheka mpaka misuko ikamfunika uso. Alipoifunua akaniona, akaacha.

Ufunguo wa droo akapewa msusi. Nilikuwa nimeshapanga nini kingekaa kushoto na nini kulia. Nilikuwa nimeshachagua hata kitambaa cha kutandika ndani. Ndege ya kweli ikapita dirishani inashusha magurudumu, wote tisa wakageuka kwa pamoja kuitazama, bila kuambiana. Mimi niligeuka pia. Hakuna aliyeniambia nisigeuke.

Jioni tulikula mezani. Tulizoea kubanana kwenye kochi, sasa tuko mbali hata chumvi tunapeana kwa kuomba. Shangazi aliniongezea nyama bila kuulizwa. Akasema miaka mitatu si mingi, mbona yeye amenipita mingi zaidi na bado hajawa mzee. Boksi hajalipeleka stoo. Liko chini ya kitanda chake, juu ya matofali mawili.

Jumatatu, 13 Oktoba

Nimechambua kushindwa kwangu bila upendeleo. Matokeo: chanzo ni mvua. Rangi ingekauka mapema, gundi ingepata saa zake. Kwa upande wa uundaji sina la kurekebisha.

Saa kumi na moja msusi alibisha hodi. Nilifikiri amekuja kumwona Shangazi. Amekuja kuniona mimi. Alikaa kwenye ukingo wa kiti, anazungusha ule ufunguo kidoleni, akasema amemwomba Milimita, na Milimita amekubali: mwanachama anaweza kuwa na mgeni mezani kwake Jumanne na Alhamisi. Mgeni si mwanachama, hana droo, lakini taa inamfikia. Akasema saluni hana wa kuzungumza naye haya mambo. Anataka kujua nilivyochonga ile mistari ya misumari, yeye amejaribu mara nne ikakataa. Naye atanionyesha mengine, taratibu, hatua moja moja, hakuna anayetukimbiza. Alisema taratibu mara tatu. Shangazi jikoni akaacha kuosha vyombo asikie nitajibu nini.

Nilimtazama vizuri. Viganja vina alama za moto. Macho makavu ya mtu anayelala mapema. Ameshinda mbele ya watu wote, na siku ya pili tu anakuja mwenyewe, kwa miguu yake, kuomba nikae karibu naye.

Sasa ni wazi. Ananiogopa.

Sikutaka kumwaibisha. Nikamwambia nitakuja, ila asitegemee nimfundishe kila kitu siku ya kwanza.