Muhuri Uliolindwa Kuliko Bastola

Sogeeni, enyi mliowahi kusimama mbele ya dirisha la ofisi mpaka miguu ikaota mizizi, msikie vita vya Sista Mkuu, Mshona Majeraha, Mama Asiyerudi Nyuma! Saa ile alikuwa kifudifudi, mkono umezama chini ya kabati la chuma la ofisi ya fedha za utafiti, akiuwinda ufunguo uliomponyoka karani.

Haja yake ilikuwa moja: serikali igharimie utafiti, ijulikane kama kuwagawia wenye bunduki masanduku yenye makufuli kutapunguza watoto wanaopigwa risasi majumbani. Wodini alikuwa na binti mdogo aliyepigwa risasi na kaka yake kwa bastola ya baba, iliyokuwa chini ya mto. Ombi lilingoja muhuri, na mlango wa maombi ungefungwa kesho yake.

"Taratibu na kabati la serikali!" alinguruma Karani, Simba wa Kiti cha Kuzunguka, asiinuke. "Humo mna muhuri!"

"Ndiyo maana nimelala sakafuni, mzee."

"Tunaufungia sandukuni, sanduku kabatini, kabati chumbani. Kitu kama kile hakiachwi ovyo, Sista. Kikiangukia mikononi mwa asiyejua, si maafa hayo?"

Sista akainua kichwa, vumbi limemvika taji. "Na bastola?"

"Hiyo ni mali ya mtu, kwake. Halafu nani kasema kufuli linasaidia? Ushahidi uko wapi?"

"Ndio ninaouombea fedha nikautafute."

"Basi ulete kwanza, ndipo tukupe." Akapuliza chai yake.

Sista akachomoa rula mezani kama mkuki, akachokoa, akachokoa tena, na ufunguo ukajisalimisha, umejifunga utando wa buibui. Makufuli yakaanguka moja baada ya jingine kama ngome zilizozingirwa. Muhuri ukatolewa kwa mikono miwili, ukapulizwa, ukashuka: pu! Na ikumbukwe na vizazi, siku hiyo kipande cha mpira kiligusa karatasi!

"Bado wa Mkurugenzi," akasema Karani. "Ufunguo anatembea nao. Kesho."

Jioni, Sista alimkuta baba wa binti kando ya kitanda.

"Umefanikiwa, Sista?"

"Nusu. Kesho narudi. Ile bastola iko wapi, baba?"

"Si palepale, chini ya mto. Ningeiweka wapi?"

Sista akaanza kufungua bandeji.

Nao muhuri, enyi wasikilizaji, ulilala salama salimini, nyuma ya makufuli yake yote.