Ng'ombe wa Mtera na Ukiranja wa Kiingereza

Jumatatu, 12 Agosti 2024

Leo nimeanza Kiingereza. Sikukitaka. Lakini Sikudhani, jirani yangu, anakisoma tangu wiki iliyopita, na sasa hapiti shambani kwangu bila kunisalimia kwa Kiingereza mbele ya vibarua wanaochuma zabibu. Mwanamke aliyehamia hapa Hombolo kutoka Kondoa akanikuta tayari nina wajukuu!

Ni darasa la watu wazima. Tunasomea shule ya msingi, watoto wakishatoka. Madawati yametengenezwa kwa magoti ya watoto. Mwalimu anaitwa Jenifa, binti mdogo, mpole kupita kiasi. Kasema tunaanza na sentensi fupi: mtu mmoja, jambo moja, nukta. Nikamwambia nimeishi miaka sabini na sijawahi kusema jambo moja nikaweka nukta. Akacheka. Sikuwa natania.

Ijumaa ya wiki ijayo ndugu na majirani watakuja kututazama tukiandika ubaoni. Atakayeandika sentensi bora atakuwa kiranja. Kiranja ndiye anayewaambia wenzake wanyamaze. Yaani Sikudhani anyamaze kwa amri yangu. Ukiranja huo ni wangu.

Jumatano, 14 Agosti

Nimempelekea mwalimu kapu zima la zabibu, zile tamu za upande wa bwawani. Akashukuru sana, akawagawia darasa lote. Sikudhani kala kuliko wote, kisha akaniambia mwaka huu zabibu zangu zina maji.

Nyumbani nimemkuta shemeji Bartolomayo, mdogo wa marehemu mume wangu, ambaye sasa ndiye mkubwa wa ukoo. Kakaa kwenye kigoda changu bila kukaribishwa. Mjukuu wangu Zablon anaoa, ukoo unachanga ng'ombe wa mahari. Je, mimi natoa wangapi? Nikamwambia atazame zizi. Akatazama. Mbuzi, na kuku anayeatamia. Nikamwapia kwamba katika boma hili hakuna hata kwato ya ng'ombe.

Ni kweli tupu. Ng'ombe wangu wanne wako Mtera, kwenye zizi la Abeli, rafiki wa mume wangu. Ndivyo wazee wetu Wagogo walivyofanya: mifugo yako unaiweka kwa mtu wako, mbali, jicho la watu lisiihesabu. Zablon nampenda. Nilishampa baiskeli. Lakini ng'ombe hao ndio kitu pekee duniani ambacho hakuna mwanaume wa ukoo huu aliyewahi kunipangia. Wakionekana mara moja tu, kila harusi ya ukoo itaanzia mlangoni kwangu.

Ijumaa, 16 Agosti

Jaribio. Nimekaa nyuma ya Sikudhani makusudi, nikanakili sentensi zake zote bila kosa. Mwalimu akaisoma karatasi yangu mbele ya watu: mimi ni Mwislamu, nilizaliwa Kondoa, mume wangu anaitwa Khamisi. Darasa likacheka mpaka mwalimu mwenyewe akageukia ubao.

Sikudhani akageuka. "Mke mwenzangu," akasema, "leo zamu ya kupika ni yako au yangu?"

Khamisi mwenyewe hana meno ya mbele. Nikawatazama wote, mmoja mmoja, mpaka wakanyamaza. Hivyo ndivyo kiranja anavyofanya, hata kabla hajachaguliwa.

Jumanne, 20 Agosti

Leo tumefundishwa kuunganisha. Unachukua sentensi mbili, unazifunga kwa kamba, zinakuwa moja ndefu. Kamba ya kwanza ni "endi", hiyo inaongeza. Ya pili ni "bati", hiyo inageuza: unasema jambo, halafu unasema lakini. Nimeipenda bati mara moja. Hiyo ni ya watu kama mimi.

Sikudhani kaandika kwamba ana mbuzi na ana kuku. Akasifiwa. Kwa mbuzi na kuku! Nikauliza kama naruhusiwa kuandika uongo mkubwa zaidi ya huo. Mwalimu akakataa. "Bibi," akasema, "andika maisha yako mwenyewe. Sentensi ya kweli ndiyo inayosimama."

Nimewaza njia nzima. Maisha yangu ya maana yako Mtera. Kuyasema kwa Kiswahili siwezi, kwa Kigogo ndiyo kabisa. Lakini Kiingereza? Bartolomayo hakijui. Zablon alikifeli. Kumbe Kiingereza ni kama zizi la Abeli: unaweka mali yako huko mbali, na hakuna mtu wa hapa anayefika. Nimejishangaa kwa akili hii. Wangenisomesha zaidi ya darasa la nne, leo ningekuwa mbunge.

Ijumaa, 23 Agosti

Nimeshinda!

Darasa lilijaa. Bartolomayo mstari wa mbele, fimbo katikati ya magoti. Zablon na mchumba wake dirishani. Sikudhani akaandika mbuzi wake, endi kuku wake, endi Khamisi wake. Makofi.

Nikasimama. Nikajaza ubao toka ukingo hadi ukingo. Kwamba nyumbani sina ng'ombe, bati nina ng'ombe wanne Mtera kwa Abeli, endi mmoja ana mimba, endi ukoo wa mume wangu haujui. Herufi kubwa mwanzo, nukta mwisho. Bartolomayo alipiga makofi kuliko wote.

Mwalimu machozi yalimlengalenga. Akasema tangu aanze kufundisha hajaona sentensi kama ile, kiranja amepatikana. Kisha, ili na wageni wafaidi, akaitafsiri. Polepole. Kwa sauti. Akigusa kila neno kwa rula.

Bartolomayo akainuka, akaegemea fimbo yake.

"Shemeji," akasema, "huyo mwenye mimba ana rangi gani? Tutaanza na huyo."

Nikamjibu kwamba humu ndani haongei mtu bila ruhusa ya kiranja.

Jumapili, 25 Agosti

Ukoo umekaa baada ya ibada. Wamechukua wawili: mwenye mimba na dume. Sikutoa chozi. Nimewaambia nisingeandika kama ningekuwa mchoyo. Wakaendelea kula.

Zablon kaja kushukuru, mchumba wake akapiga magoti. Nikawaambia wamshukuru mwalimu. Walipofika njiani nikamwita Zablon arudi. Awaambie wakwe zake kwamba yule mwenye mimba hakubali kukamuliwa na mtu anayepiga mluzi. Mama wa ng'ombe huyo alimwacha ndama mchanga, nikamlea kwa mkono kulekule Mtera. Nikamfukuza Zablon kabla hajasema neno.

Sikudhani kaja kunipa pole, kwa Kiingereza. Nikamwamuru anyamaze. Akanyamaza, akakaa nami mpaka jua likatua. Ukiranja unafanya kazi.

Jumatatu, 2 Septemba

Wawili waliobaki nimewahamisha kutoka kwa Abeli, pale pamejulikana. Sasa wako upande wa Bahi, kwenye zizi la Matonya. Hajui mtu. Na mwalimu nimemkataza kabisa kutafsiri maneno ya wazee. Mimi si wa kukosea mara mbili.

Bartolomayo naye kajiandikisha darasani! Eti baada ya kuona ubao wangu, na yeye anataka kuandika. Kalamu anaishika kama jembe. Mzee wa umri ule atajifunza nini? Lakini kiranja ndiye husaidia wanyonge, kwa hiyo nimemkalisha karibu yangu. Alihitaji kitu kirefu cha kuzoesha mkono. Nikampa sentensi yangu mpya, niliyoitunga kwa ajili ya mtihani: wale ng'ombe wawili, endi rangi zao, endi zizi la Matonya kule Bahi, bati hakuna anayejua. Haelewi hata neno moja, maskini. Ananakili ulimi nje, mwandiko mzuri ajabu.

Ameomba aende na karatasi nyumbani, akamwonyeshe mjukuu wake wa kidato cha nne. Nimemruhusu. Mwanafunzi lazima atiwe moyo.