Juzuu la Pili Liko Tinde

Jumatano, 24 Juni 1998

Siku mbaya. Dokta Paskazia, bosi wetu kutoka Dar es Salaam, alituita mimi na Bhoke chumba cha kompyuta. Aliongea kwa upole, na upole wenyewe ndio ulionitia baridi. Kuanzia Agosti mradi utabaki na mtu mmoja. Mwingine atapunguzwa.

Kazi yetu ni vitabu. Vitabu vya zamani vya mimea na wadudu wa Usukuma, vilivyoachwa hapa kituoni na watafiti wa enzi za Mwingereza. Tunavilaza kwenye skana ukurasa mmoja mmoja, picha inaingia kwenye kompyuta, kisha kwenye diski, ili mtafiti wa popote avisome bila kuja Shinyanga kukohoa. Bhoke ametoka Tarime na cheti cha kompyuta. Mimi nilikuwa karani wa stoo. Kompyuta nimejifunza kwa kumchungulia Bhoke begani.

Nikipunguzwa, najua ninakokwenda. Geita, kwa shemeji Donatus. Atanifunga kamba kiunoni na kunishusha kwenye duara, shimo la dhahabu, giza tupu, na mvua za mwaka huu zimelainisha kuta zote. Mimi hata kisima nakichungulia nikiwa nimeshika mti.

Lakini Dokta ana shida moja. Kitabu kikubwa cha mimea kina majuzuu mawili, nasi tunalo la kwanza tu. La pili lilitoweka hapa zamani, na nakala nyingine haijulikani iliko. Anasema bila hilo diski ni nusu ya kazi. Bhoke hajui liko wapi.

Mimi najua, tangu nilipokuwa stoo. Liko Tinde, kwa Mabula.

Ijumaa, 26 Juni

Tinde. Nimerudi mzima.

Mabula ni ningi, yaani kiongozi wa ngoma, wa chama cha Bagika. Marehemu baba yake ndiye aliyezunguka porini na mtafiti akimkusanyia mimea. Kitabu kilibaki kwao. Nilimkuta uani ananoa jembe. Nikamsalimia kwa Kisukuma, mwadila, akaitikia bila kuacha kunoa.

Nikaomba kitabu kwa ajili ya sayansi. Akakataa. Alisema mle ndani zimo dawa za baba yake, na tukishaziingiza kwenye televisheni yetu, Wiliam atazisoma. Wiliam ni ningi wa Bagalu, mahasimu wao. Kila Sabasaba ngoma hizi mbili hupigwa uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na mwamuzi ni miguu ya watazamaji. Penye watu wengi ndipo penye ushindi. Ndiyo maana kila ningi ana dawa yake ya mvuto. Mwaka jana watu walimkimbia Mabula, wakabaki wake zake na mbwa.

Hapo mdomo wangu ukafanya kazi bila ruhusa. Nikasema dawa ya Bagalu, ile iliyomshinda mwaka jana, imo kwenye juzuu letu la kwanza. Nikasema naweza kuitengeneza.

Akaacha kunoa.

Tumekubaliana. Nimpelekee dawa, Sabasaba ivute watu, kisha ananipa kitabu. Akanisindikiza hadi barabarani. Pale akaniambia taratibu, "Ukinidanganya, Baba Klara, sitakuloga. Nitakufuata kwa miguu."

Ningependelea aniloge.

Jumapili, 28 Juni

Ipo! Sikuamini macho yangu. Niliingia ofisini wakati Bhoke yuko kanisani, nikapekua kurasa kwenye kompyuta na kamusi pajani. Mmea namba 41. Maelezo yanasema wacheza ngoma huutumia kuvuta watu. Yaani sikudanganya. Nilisema ukweli bila kujua.

Nikafungua picha namba 41. Mti mdogo, maua ya zambarau, mizizi minene. Maelezo ya juzuu hili niliyaskani mimi mwezi wa tatu, na picha zake niliziskani mimi mwezi wa nne. Bhoke alikuwa akinisumbua kwamba tulinganishe na kitabu chenyewe kabla ya kuamini kompyuta. Kitabu kimefungiwa kabatini na ufunguo anao yeye. Kuuomba ni kujichongea. Isitoshe, kompyuta haikosei.

Nikaupata mti kwenye vichaka nyuma ya kituo. Nilichimba nikiwa na hofu ya nyoka, kwa maana pale wamejaa. Sikuona hata mmoja. Nikashukuru.

Nyumbani nikatwanga. Mizizi inanukia kama dawa ya kuchua misuli. Nikapiga chafya mpaka nikaona nyota. Asteria, mke wangu, aliingia jikoni, akapiga chafya, akatoka na kinu changu akakitupa uani, kisha akanielekeza mlango kwa mwiko. Nadhani malaria inanyemelea nyumba nzima.

Jumanne, 30 Juni

Nimempelekea Mabula unga kwenye kopo la maziwa. Aliufungua, akanusa, akapiga chafya iliyomwamsha mbuzi. Nikatazama njia ya kutorokea. Yeye akafuta macho na kutabasamu.

Alisema dawa isiyokera pua ni unga wa ugali tu. Baba yake pia alikuwa akisema hivyo.

Nikala michembe yake, viazi vitamu vilivyokaushwa. Hofu imepungua. Imebaki ya kawaida.

Alhamisi, 2 Julai

Imerudi yote, na nduguze.

Wiliam alikuja kituoni. Nilitegemea jitu. Ni mtu mfupi, shati limepigwa pasi, kofia mkononi. Akanipa shikamoo! Mtu anayelingana na baba yangu ananipa mimi shikamoo. Nikaitikia marahaba kwa woga, nikajisikia nimetia saini kitu.

Amesikia. Tinde hakuna siri, alisema, mbuzi wa Mabula wenyewe wanapiga chafya. Hakugomba. Alisema anachotaka ni haki tu. Kama Mabula kapewa, naye apewe, la sivyo Sabasaba atasimama katikati ya uwanja amweleze Mabula, mbele ya Dokta, kwamba dawa aliyopewa ni ya kumharibia ngoma.

Nikamweleza kwamba si kweli.

"Najua," akasema. "Lakini yeye atamwamini nani?"

Nikaenda nyumbani nikachukua unga uliobaki, nikampa. Njiani kurudi nilipiga hesabu, nikatulia. Wote wakiwa na dawa ileile, watu watagawanyika sawa kwa sawa. Hakuna atakayeshinda, hakuna atakayeshindwa, hakuna wa kunilaumu. Bhoke na cheti chake asingeweza kufikiria hivyo.

Jumanne, 7 Julai

Sabasaba. Naandika nikiwa chini ya kitanda. Giza tupu, mwandiko unisamehe.

Asubuhi ilianza vizuri. Uwanja ulijaa, wengine wametoka hadi Mhunze. Dokta alikuwa ameamua tuwe na banda letu, turubai na meza, kompyuta ikiendeshwa na jenereta ya Mohsin mwenye duka la vipuri. Hakuna aliyekuja bandani. Bhoke alikaa pale kama muuza makoti.

Ngoma zikaanza. Bagika upande wa mashariki, Bagalu magharibi. Mabula akatokea na ngozi na njuga, akamimina unga kiganjani na kuupuliza pande zote. Nikafumba macho niombe.

Nilichosikia kwanza ni chafya ya mtoto. Kisha ya mama yake. Halafu upande wote wa mashariki ukawa unapiga chafya, na wapiga ngoma nao, kila mmoja kwa mdundo wake. Ngoma ikavurugika. Watu wakakimbilia kwa Bagalu.

Kule Wiliam alipowaona wanakuja, akadhani dawa inafanya kazi. Akaongeza.

Sijawahi kuona uwanja unahama hivyo. Watu walikimbia macho yakitiririka, na sehemu pekee isiyo na vumbi ilikuwa banda letu. Wakajazana. Bhoke hakushtuka. Akageuza kompyuta iwatazame, akaanza kuwafungulia picha za mimea moja baada ya nyingine, akiuliza huu kwenu mnauitaje. Mzee mmoja akataja jina. Mama mmoja akamwambia hilo ni jina la kwa mashemeji zake, kwao hawausemi hivyo. Wakabishana. Wengine wakasogea kusikiliza ugomvi. Dokta Paskazia alikuwa anaandika mpaka kalamu ikaisha wino, akaazima ya Mohsin. Sijawahi kuona meno yake yote kabla ya leo.

Kwenye picha ya maua ya zambarau Bhoke alisimama, akaniita kando. Alisema picha namba 41 ni ya mmea namba 42. Nilipoziskani picha niliruka moja, zote zilizofuata zikasogea. Kisha akanisomea maelezo halisi ya mmea ule kutoka kwenye kitabu, kwa sauti yake ya kanisani. Unga wa mzizi hupigisha chafya. Wenyeji huutumia kufukuza nyoka.

Nikainua macho. Nyuma ya umati, upande huu Mabula, upande ule Wiliam. Macho mekundu wote wawili. Wanatafuta mtu.

Nikatoroka kwa kupita chini ya turubai.

Jumatano, 8 Julai

Bado chini ya kitanda. Nimemfundisha Asteria la kusema.

Alasiri nikasikia hatua. Nzito, hazina haraka. Amekuja kwa miguu, kama alivyoahidi. Kutoka Tinde!

Mabula alibisha hodi, akamsalimia Asteria vizuri, akauliza mwenye nyumba. Asteria akasema nimesafiri, nimekwenda Geita. Nikasikia kitu kizito kinawekwa kwenye benchi la barazani. Nikajua ni rungu. Nikauma blanketi.

Akauliza nitarudi lini. Asteria akasema hajui, pengine mwezi ujao. Kisha kile kitu kikainuliwa kwenye benchi, na hatua zikaondoka kuelekea kituoni.

Nilitoka nikampongeza mke wangu. Nilimwambia ameokoa maisha yangu. Yeye akasema mbona yule baba alionekana mtu mwenye adabu, na aliuliza hali ya Klara. Nikamwambia hao ndio wabaya zaidi.

Ijumaa, 10 Julai

Nimekwenda kazini kupitia njia ya makaburini. Nikachungulia dirishani kwanza.

Juzuu la pili liko kwenye skana. Bhoke anageuza kurasa.

Alinieleza yote bila kunicheka, jambo lililoniuma zaidi. Siku ya Sabasaba, nilipokwisha kutoroka, Mabula alisogea mbele bandani, hawezi kusoma Kiingereza, akauliza yale maandishi madogo chini ya kila picha ni nini. Bhoke akamsomea. Ni jina la aliyeukusanya mmea. Jina la baba yake, chini ya picha karibu zote, watu wote wa uwanja wakisikia. Mabula akaomba asomewe tena. Akasomewa tena.

Kesho yake alifunga kitabu kwenye kitenge akatembea kuja kwangu. Alimweleza Bhoke kwamba dawa ilivuta watu wengi kuliko alivyowahi kuona, ila haikuwavutia kwenye ngoma, iliwavutia kwenye jina la mzee wake, na hilo ni kubwa zaidi. Mapatano ni mapatano. Alitaka kunikabidhi mimi kwa mkono wangu. Nyumbani akaambiwa nimekwenda Geita. Basi akampa Bhoke.

Halikuwa rungu.

Nilimwambia Dokta kwamba kitabu ni changu, yaani ni kwa sababu yangu. Akaniuliza nilikuwa wapi kilipoletwa. Nikaanza kupanga upya karatasi za mezani kwake. Akanikabidhi barua ya kupunguzwa kwa upole uleule.

Bhoke alinisindikiza mpaka getini. Aliniambia, "Kaka, ungekaa tu barazani."

Wiliam bado ananitafuta. Yeye hana baba kitabuni.

Jumatatu, 13 Julai. Geita

Nimefika. Shemeji Donatus alinipokea na kamba. Alinipa siku ya kupumzika, na siku yenyewe ilikwisha jana.

Asubuhi walinipeleka kwenye duara. Nililiona. Halina mwisho, na kutoka chini lilikuwa linatoa hewa ya moto kama kinywa cha mgonjwa. Wakanifunga kamba. Mwenye duara akauliza kama nina la kusema.

Nikasema ninalo. Nikasema nimefanya kazi miaka kadhaa kwenye sayansi ya mimea, kwa kompyuta, na vitabu vya Mwingereza nimeviingiza mle kwa mikono yangu. Nikasema upo mmea unaoota tu mahali penye dhahabu chini yake, na mtu anayeujua hana sababu ya kushushwa. Mtu kama huyo anatembea juu, anaonyesha kwa kidole.

Wakanifungua kamba. Mwenye duara aliniita daktari, akaagiza niletewe soda.

Mchana nikajiwa na mwenye duara la jirani, mtu wa kovu shavuni, hawasalimiani na huyu wa kwetu tangu walipogombea mpaka. Alisema amesikia. Alisema anataka haki tu. Neno hilo nilishalisikia, lakini nikakumbuka kwamba safari hii hakuna picha wala namba za kuchanganya, kwa hiyo hakuna mahali pa kukosea. Nikamwonyesha naye.

Kesho wote wawili wanahamisha watu wao wanaanza kuchimba upya. Shemeji ananitazama kwa jicho ambalo silipendi.

Mmea wenyewe ni ule wa kwanza niliouona baada ya kufunguliwa kamba. Uko kila mahali. Hiyo ndiyo faida yake.