Mkeka Unaosema Karibu

Jamani, leo aibu imenianzia kwenye nyayo ikapanda mpaka utosini. Kaeni kitako niwasimulie, na mtu asiniulize "kisha?" kabla sijafika.

Ninaandika kwenye kompyuta ya nyuma ya mapokezi, hapa hotelini Galu. Meneja ameniruhusu kwa kuwa sasa hivi hakuna anayehitaji laini ya simu. (Nyinyi mlioko Maskati na Nairobi, mkijibu jibuni kwa ufupi. Barua pepe zenu ndefu huziba laini, na mgeni anayetaka kumpigia mamake hunilaumu mimi.)

Kwa wasiojua: mbali na kazi ya mapokezi, mimi ni mratibu wa mtandao wa kimataifa wa watafiti wa sauti. Msishangae. Mimi mwenyewe, niliyeishia kidato cha pili, bado nashangaa. Watafiti hawa wana swali moja: kitu kikitaka kusema na mtu anayekitumia, kiseme kwa sauti gani? Birika lipige mluzi wa namna gani? Lifti ikifika, ilie vipi ili mtu asishtuke? Yuko wa Norway, yuko wa Japani, yuko wa Ajentina. Mmoja anaamka mwenzake anapolala, hawaelewani, na kila anayekasirika huniandikia mimi. Uratibu ndio huo. Unakuwa kizingiti: kila apitaye hukukanyaga, akaendelea na safari yake.

Kazi hii nilipewa na Dakta Marit wa Norway, aliyekuwa mgeni wetu zamani kidogo. Alinikuta nikimweleza mgeni mwingine kwamba ukipiga hodi kwa watu usiingie mpaka uitikiwe. Akasema, "Wewe unaelewa mawasiliano." Mimi nilidhani naelewa adabu tu. Lakini nilikubali.

Sasa leo ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Marit na wenzake wamekuja kuomba ruhusa ya kurekodi vugo, zile nyimbo za harusi ambazo akina mama huimba huku wakigonga pembe. Wakiruhusiwa, mtandao utafanya kazi yake pwani hii, nami nitabaki mratibu. Wakikataliwa, kesho wanapanda ndege, kazi inahamia nchi nyingine, nami narudi kugawa funguo za vyumba. Na mkuu wa kikundi cha vugo cha Msambweni ni nani? Bi Mwanajuma. Mama mzazi wa mke wangu.

Marit alifurahi mno aliposikia. "Basi kazi imekwisha!"

Haikuisha. Kwetu, mtu na mama mkwe wake ni heshima ya kutoka mbali. Humpi mkono. Humkazii macho. Akiwa ameketi mkekani, wewe mkeka huo huutii mguu. Unachuchumaa pembeni kama mtu aliyepoteza sindano. (Nimtendee haki Marit: huenda na wao wana mambo yao na wakwe. Sijauliza.)

Hapo nyuma Marit alikuwa ameniandikia akitaka sauti ya kukaribisha wageni, sauti ya huku kwetu, ya mtu, si ya kengele. Nikaenda Msambweni na kinasa sauti cha kaseti, nikasimama uani, nikaomba ruhusa. Mama mkwe akakubali, akajifunga leso vizuri kana kwamba kaseti ina macho, akasema, "Karibu mwanangu, pita. Hapa ni kwenu." Ilikuwa sauti tamu, ya taratibu. Nikaituma Norway. (Ruhusa niliyoomba ilikuwa ya kurekodi. Ya mengineyo sikuomba, kwa kuwa sikuyajua. Najitetea, lakini si sana.)

Leo asubuhi Marit akafungua mzigo wake ukumbini. Akatoa kitu kama godoro jembamba, kina nyaya, akakiweka mlangoni. Mimi ndiye niliyeleta mkeka wa ukindu kutoka Bodo, kijiji cha huku kwetu, kukifunika, ili kipendeze. Mimi ndiye niliyesema viti viondolewe, ukumbi mzima utandikwe mikeka, akina mama wakae kwa raha. Yote hayo ni mawazo yangu. Naona niyaandike kabla hamjaanza kumlaumu mtu.

"Simama juu yake," akasema Marit.

Nikasimama.

"KARIBU MWANANGU, PITA. HAPA NI KWENU."

Mama mkwe! Chini ya unyayo wangu! Niliruka kama niliyekanyaga nge. Marit akacheka kwa furaha, akanieleza: ukiukanyaga, unasema, ukiwa mzito, unasema kwa nguvu zaidi, ukiondoka, unanyamaza.

"Umeupenda?"

Hapo ndipo mwanamume mwenye akili angefungua kinywa. Lakini nilijiuliza: mimi ni nani? Mtu wa kidato cha pili amfundishe daktari wa sauti mahali pa kuweka sauti? Tena ameibeba kutoka Ulaya, na uso wake unang'aa.

"Sana," nikasema.

Kumbukeni hilo "sana". Litarudi.

Mutiso, fundi wetu wa spika, mtu wa Machakos aliyehamia Ukunda, alikuwa pembeni akiunganisha nyaya. Akanivuta shati.

"Buda, si hiyo ni voisi ya mathe wa bibi yako?"

"Ndiyo."

"Na watu watakuwa wanamkanyaga?"

"Hawamkanyagi yeye. Ni sauti yake tu."

"Haya basi. Enda umwambie hivyo."

Nikamrudia Marit. "Labda tuuzime akina mama wakifika?"

"Lakini wao ndio wageni," akasema. Marit alisomea Kiswahili chuoni, kwa hiyo husema vizuri kuliko sisi. "Mkeka huu umekusudiwa wao." Na kweli ulikuwa umekusudiwa wao.

Akina mama wakawasili, wamejipamba, pembe zao zimo vikapuni. Bi Saumu alitangulia. Akatia mguu.

"Karibu mwanangu, pita. Hapa ni kwenu."

Bi Saumu akatazama ndani. "Ee! Mwanajuma ameshafika? Si tumemwacha nyuma akifunga buibui?" Kisha, kwa kuwa ni mtu wa adabu, akaijibu ile sauti: "Ahsante, tumekaribia."

Ukumbini hakukuwa na mtu ila wazungu na Mjapani, wote wanatabasamu.

Bi Saumu akavua kandambili, akaziacha pale pale mkekani, kama mtu yeyote aliyelelewa. Wa pili akafanya hivyo. Wa tatu vilevile. Makubadhi, malapa, viatu vya plastiki. Marafiki, godoro lile halikujua tofauti ya mtu na viatu! Kila lilipohisi uzito lilisema, na rundo la viatu halina safari.

"Karibu mwanangu, pita. Hapa ni kwenu. Karibu mwanangu, pita. Hapa ni kwenu. Karibu..."

Akina mama waliokwisha kuketi waliitikia mara ya kwanza. Wakaitikia tena. Halafu wakaanza kutazamana. Mmoja akanong'ona, "Audhubillahi." Mwingine akainua upande wa mkeka aliokalia, akachungulia.

Ndipo mama mkwe akafika mlangoni.

Hakuukanyaga mkeka. Alisimama kizingitini akaisikiliza sauti yake mwenyewe ikitoka chini ya kandambili za Bi Saumu. Nikajisogeza, macho nimeyapeleka ukutani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ni nani huyo chini ya viatu?"

Nikaongeza salamu. "Hali yako mama? Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo. Nimekuuliza."

"Ni... ni wewe, mama."

Ukumbi ukanyamaza. Yaani watu walinyamaza. Mkeka uliendelea.

Nikaona niviondoe viatu, basi. Ni wazo jema, hata sasa nalitetea. Nikainama, nikakusanya viatu kifuani kwa mikono yote miwili. Lakini vingine vilikuwa upande wa pili, karibu na miguu ya mama mkwe, na mikono yangu ni mifupi. Nikapiga hatua moja. Ya pili. Mnakumbuka mkeka hupaza sauti kwa mtu mzito? Mnanijua mimi na wali.

"KARIBU MWANANGU, PITA! HAPA NI KWENU!"

Nilikuwa nimesimama, miguu miwili, mkekani pa mama mkwe, juu ya sauti yake, mbele ya uso wake, nimekumbatia viatu vya kikundi kizima. Nikataka kushuka. Kandambili moja ikaanguka. Nikageuka kuifuata, nikakanyaga vizuri zaidi.

"HAPA NI KWENU!"

"Naona," akasema mama mkwe.

Bi Saumu ndiye aliyeanza. Alijaribu kujizuia kwa ncha ya leso, maskini, lakini kicheko kilipita. Kisha wote. Mutiso aling'oa waya ukutani akaenda kucheka nje. (Alisubiri kidogo kabla ya kuung'oa. Siwezi kuthibitisha.)

Marit hakucheka. Alikuwa amekwisha kuelewa, na alikuwa mwekundu. Akaja akapiga magoti mbele ya mama mkwe, akasema, "Mama, niwie radhi. Nimekukosea bila kukusudia."

"Mimi sijakasirika, mwanangu. Nimestaajabu. Kwenu, mtu akikaribisha wageni, hulala chini wampite?"

"La, mama. Husimama mlangoni."

"Basi na mimi husimama. Hukuona mtu wa kukuambia?"

Marit, ambaye hajui kusema uongo, akanitazama. "Nilimwuliza mratibu kama ameupenda."

"Akasemaje?"

"Alisema, 'Sana.'"

Mama mkwe akanigeukia. Mimi ukuta nimekwisha kuuhifadhi wote. "Sana?"

"Sana, mama," nikasema. Ningefanyaje? Ndivyo nilivyosema.

Akina mama wakamzunguka pale kizingitini, vichwa pamoja, wakanong'onezana. Muda wote nilisimama na viatu vyao mikononi, kwa kuwa hakuna aliyeniambia niviweke wapi. Nilikuwa nimeanza kujizoesha kichwani: chumba na ufunguo wake, karibu sana, kifungua kinywa ni kule.

Mama mkwe akakohoa. "Vugo mtarekodi."

Marit akafunika mdomo kwa mikono.

"Lakini sauti yangu itoke chini. Muitundike juu ya mlango, kimo cha kichwa cha mtu. Na kila mtakaporekodi, mtatuambia kwanza sauti inakwenda kukaa wapi."

"Tutafanya hivyo, mama."

"Na huu mkeka msiutupe. Mmeubeba kutoka mbali. Tieni sauti nyingine."

"Ya nani, mama?"

Sikuhitaji kutazama. Nilihisi macho ya kikundi kizima shingoni.

"Si mnaye mratibu?" akasema mama mkwe. "Mwacheni aratibu."

Wakanirekodi pale pale. Sauti ilitoka nyembamba kama ya mtu anayeomba kuazima sufuria. Mutiso akaunganisha waya, safari hii upesi ajabu. Kisha mama mkwe akatoka nje, akavua viatu, akaviweka kando, kando kabisa, akaingia upya. Akaukanyaga mkeka. Hakuwa na haraka.

"Karibu mama, pita," nikasema mimi kutoka chini.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Akahamisha uzito mguu wa pili, nikasema tena.

"Ana adabu huyu," akawaambia wenzake, akaenda kuketi.

Basi kazi nimebaki nayo, alhamdulillahi. Naandika haya huku naisikia sauti yangu ikitoka ukumbini, inakaribisha na kukaribisha, na kwa jinsi ilivyopaa sasa hivi, aliye juu yangu ni Bi Saumu. Cheka ukipenda, siwezi kukuzuia. Ila ukija Galu, viatu weka kando.