Mzee Breki na Njia ya Juu

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimeitwa manispaa. Si kwa kesi! Nimeitwa kwa heshima. Wanataka kuchagua njia moja ya baiskeli kando ya pwani, waiwekee vibao, wageni waje waendeshe huku wakiangalia bahari. Wakatafuta wazee wanaozijua barabara. Nani anazijua kunishinda? Miaka yote niliyogawa mikate ya bekari nilipita Njia ya Juu, ile ya mgongoni mwa vilima, bahari yote iko miguuni pako. Mji mzima unaniita Mzee Breki. Nilipokuwa nashuka, watu walisikia breki zangu zikilia kabla hawajaniona.

Kufika nikamkuta na Shemeji, kaka wa mke wangu. Alikuwa tarishi wa posta. Mzee mzima kavaa kaptura ya kubana, na kofia ngumu kichwani, ndani ya ofisi! Eti njia nzuri ni ya Chini, ile ya ufukweni, kwa sababu ni tambarare. Nikasema tambarare ni ya kusukumia vigari vya watoto. Akasema kwa umri wangu kigari kingenifaa sana, ila atapatikana wapi wa kunisukuma. Ofisi nzima ikacheka. Hawana adabu.

Mwamuzi ni binti mmoja mhandisi. Mimi namwita Injinia. Atapita njia zote mbili kwa baiskeli yake, halafu atachagua. Mwenye njia itakayochaguliwa ndiye atakayewaongoza wageni.

Nyumbani mdomo ukaniponza. Nikamwambia mke wangu kwamba nikishindwa na kaka yake, Malkia nitamtundika stoo kwa mikono yangu mwenyewe na sitampanda tena. Malkia ni baiskeli yangu. Mke wangu akasema amesikia. Akamwita na jirani, naye asikie. Analitaka jambo hilo tangu siku nilipoingia na Malkia kwenye banda la kuku la watu. Sasa hivi yuko stoo anapima ukuta.

Jumanne, 5 Machi

Nimeamka na mpango. Mpango wenyewe mtamu!

Maji yakijaa, yanapanda mpaka kwenye lami ya Njia ya Chini. Injinia akipita saa hiyo atalowa mpaka masikio. Nikaenda ofisini kwake, nikamshauri kwa upole, kama mzazi, kwamba aipite Alhamisi saa kumi jioni, kuna upepo mwanana. Akaandika. Akashukuru. Akaniita babu. Sikuipenda hiyo babu, lakini nimeimeza.

Bahari mimi naijua. Nimeishi nayo.

Alhamisi, 7 Machi

Saa kumi nilikuwa nimekaa juu ya ukuta wa ufukweni, nimejifunika koti la mvua ili mawimbi yasinirukie.

Bahari haipo.

Imekupwa! Imekwenda mbali mpaka nimeona mawe ambayo sijawahi kuyaona tangu nizaliwe. Barabara kavu, imenyooka, kama meza ya kulia. Injinia na Shemeji wakapita wanapiga soga. Injinia akanipungia mkono, asante sana babu kwa kunichagulia saa nzuri. Shemeji akapaza sauti watu wote wa ufukweni wasikie, kwamba leo kwa mara ya kwanza dada yake ameolewa na mtu wa maana. Akauliza na hilo koti la mvua ni la nini, mbingu yote nyeupe.

Hesabu yangu ilikuwa sahihi. Mwezi ndio uliokosea.

Ijumaa, 8 Machi

Nimemsugua Malkia mpaka anang'aa. Nimepaka mnyororo mafuta. Mke wangu akasimama mlangoni, akauliza kama nina hakika mlima ule nitauweza. Nikacheka kicheko kirefu.

Jioni ukaja ujumbe wa Injinia. Kesho tutaanzia chini, kituo cha mabasi, kwa kuwa wageni watashukia hapo.

Chini?

Niseme ukweli wa kazi. Njia ya Juu sijawahi kuipanda. Kila asubuhi gari la bekari lilinibeba mimi, Malkia na makapu mpaka kileleni. Mimi kazi yangu kushuka nikigawa mikate nyumba kwa nyumba, mpaka nimefika kwangu. Huo ndio ulikuwa utaratibu. Wala hakuna aliyewahi kuniuliza nimepandaje.

Lakini njia ni njia. Iwe kupanda, iwe kushuka, haibadiliki.

Jumamosi, 9 Machi

Imebadilika!

Kona ya kwanza tu magoti yaligoma. Nikashuka, nikaanza kusukuma. Nikamweleza Injinia kwamba mwongozaji wa kweli husukuma, apate kuikagua lami. Shemeji, ambaye hakualikwa, alikuja eti kama shahidi. Anatangulia mpaka konani, anarudi, anatangulia, anarudi, kama mbwa aliyetolewa matembezi. Akaniuliza leo breki zimenishika wapi, kwenye tairi au kwenye mapafu.

Magoti nayasamehe. Shida ni kwamba njia yenyewe ilikuwa imenipa kisogo. Nyumba zote zile nazijua nyuso. Leo naziona migongo! Mlango wa buluu wa mwalimu mstaafu hapakuwa na dalili yake, nimeona choo chake tu. Ghafla tukafika njia panda. Njia panda gani? Ukiwa unashuka haipo. Ile nyingine inakuja kuungana nyuma ya bega lako na wewe uko kasi. Injinia akauliza tunashika wapi. Shemeji akanikazia macho, mdomo tayari umeanza kucheka.

Nikanyoosha mkono kulia, mkono mzima, kama trafiki.

Ikawa njia nyembamba ya mawe, katikati ya kuta za bustani. Tukapita chini ya mashuka ya mtu yaliyoanikwa, moja likanivaa usoni. Mama mwenye mashuka akatoka na beseni. Aliponitambua akapiga kelele: Mzee Breki! Umepotea, au siku hizi mikate inapitia uani? Nikamwomba apunguze sauti. Hakupunguza. Shemeji akashika tumbo, akamwambia Injinia aandike, amepotea, aandike hapo kwamba amepotea! Hapo nikamwona Malkia yuko stoo, amening'inia, vumbi limejaa kwenye kiti.

Lakini Injinia alikuwa ameinama anatazama mawe. Akamuuliza mama njia hii ni ya nini. Mama akasema ilikuwa ya mikokoteni ya zamani. Waliikata kwa kuuzunguka mlima polepole, ili mzigo upande bila kuua wanyama.

Tukaendelea. Kweli mwinuko ulikuwa wa kistaarabu. Nikajaribu kupanda baiskeli. Malkia akaenda! Nikakanyaga pedali mpaka kuta zikaisha.

Bahari yote. Ghuba mbili, moja ya kijani, moja ya buluu, na vilima vinashuka kuingia majini kama ng'ombe wanaokwenda kunywa. Barabara inaonekana kipande kipande, inajificha, inatokea, mpaka kule mbali kwenye mnara wa taa. Injinia akashuka kwenye baiskeli. Shemeji akavua ile kofia yake. Mimi nikasimama nikaangalia. Miaka yote hiyo bahari ilikuwa pale pale na mimi macho yangu yako kwenye kona.

Kileleni nilifika nimekaa kwenye kiti. Naandika tena: nimekaa.

Jumatatu, 11 Machi

Njia ya Juu imeshinda! Itapita kwenye mawe ya mikokoteni. Injinia amesema ya Chini ni nzuri, ila mgeni akifika hotelini ameshaisahau. Mwongozaji ni mimi.

Shemeji akasimama akalalamika kwamba ushindi gani huu, mtu alipotea mchana kweupe. Nikajibu kwamba sikupotea, nilikuwa nawaonyesha. Injinia akakohoa kwenye karatasi zake.

Mke wangu aliposikia alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akasema basi, Malkia abaki nje, lakini siku moja nimpakie na yeye nyuma, akaione hiyo bahari. Nimekubali. Nimefurahi kupita kiasi, ila sikumwonyesha.

Jumatano, 13 Machi

Injinia ameniomba niipite njia nzima mara kadhaa na Shemeji kabla ya wageni kuja Jumapili. Nikamwambia hakuna haja, njia nikishaipita mara moja imeingia kichwani, haitoki. Shemeji akageukia dirishani, mabega yanamcheza.

Kisha Injinia akauliza kama kuna mtu anayeifahamu barabara ya kutoka kileleni mpaka mnara wa taa, maana wageni wengine wana nguvu, watataka kuendelea. Hakuna aliyejitokeza. Hata Shemeji, tarishi mzima!

Nikanyoosha mkono. Nikasema hiyo naijua kama kiganja changu, nitawapeleka Jumapili hiyo hiyo.

Sijawahi kufika. Lakini Jumamosi niliiangalia yote kutoka kule juu. Ni fupi tu, na tambarare.